Rangi za Maji: Mwongozo kwa Mzazi Asiye na Hofu

Kila Desemba, shule zikishafungwa na jua la Dar es Salaam likiwa limekaa utosini, mtu mmoja mwenye nia njema huleta nyumbani kisanduku cha rangi za maji. Mara nyingi ni shangazi anayeondoka jioni hiyo hiyo. Juu ya kifuniko kuna picha ya mtoto msafi anayecheka mbele ya upinde wa mvua. Mwangalie vizuri mtoto huyo, maana hutamwona tena. Ndani kuna vidonge 12 vya rangi, brashi moja inayopukutika nywele, na wazo ambalo halikuandikwa popote lakini kila mtu mzima hulisoma: watoto watengeneze kadi za Krismasi kwa mikono yao, nawe upate nusu saa ya kukaa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mzazi ambaye ameshakubali. Aliyekataa ana busara zake, na hana haja nasi.

Rangi iliyosingiziwa upole

Kwa kuwa rangi ya maji hainuki, haihitaji tapentaini na hutoka mkononi kwa sabuni, watu wazima wamekata shauri kwamba ni ya watoto. Mchoraji anayekula kwa kazi hiyo atakueleza kinyume chake. Aliyekosea kwa rangi ya mafuta hungoja ikauke, akapaka juu yake, na siri ikabaki baina yake na turubai. Rangi ya maji haifichi kitu. Ikiona penye unyevu inakimbilia huko, ikikauka inapauka kuliko ulivyoiacha, na ukiirudia mara ya tatu kwa hasira inakuwa tope.

Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alichukua rangi ya enameli, ile ya kupakia baiskeli, na vipande vya hadibodi. Bila shaka alichukua vilivyokuwa karibu naye, lakini mimi nashuku pia alikuwa mtu anayejua kujiepusha na balaa. Enameli hukaa pale ulipoiweka. Tembo wake ana mgongo unaoanza mahali na kuishia mahali. Tembo wa rangi za maji, akichorwa na mtu wa miaka minne, hana mgongo. Ana mwelekeo tu.

Hiyo ndiyo rangi tunayomkabidhi mtoto ambaye bado hajui kufunga kamba za viatu, tukimwambia tunataka salamu za sikukuu kabla ya tarehe 20.

Jambo jingine: atailamba. Ashakum si matusi, hata wewe uliilamba. Unga wa rangi hushikiliwa na gundi ya mgunga, ambayo kwa sehemu kubwa hutoka Sudan na hutiwa pia kwenye baadhi ya soda, kwa hiyo gundi isikunyime usingizi. Cha kuangalia ni unga wenyewe. Rangi za wasanii huweza kuwa na kadimiamu au kobalti, na hizo si za mtoto. Ulaya ilijifunza kwa gharama: kijani alichokitengeneza mkemia Carl Wilhelm Scheele mwaka 1775 kilikuwa na aseniki, na watu walikipenda kiasi kwamba kiliendelea kupakwa kwenye karatasi za ukutani na hata vitu vya kuchezea watoto katika karne iliyofuata. Siku hizi tafuta kwenye boksi alama ya EN 71, kipimo cha Ulaya cha usalama wa vitu vya watoto. Kama boksi halina maandishi yoyote zaidi ya yule mtoto msafi, lirudishe dukani hata kama muuzaji amekuapia.

Mahali pa tukio

Si sebuleni. Ukishindwa kabisa, kwa sababu vuli imechelewa na mvua inapiga mpaka barazani, basi ondoa vitambaa vyote vya makochi, pamoja na vya chumba ambacho watoto hawaruhusiwi kuingia, kwa sababu wataingia. Penye baraza ya saruji hakuna haja ya mjadala. Watoto wavae kaptura tu. Wewe jifunge khanga iliyofuliwa mpaka ujumbe wake umefutika.

Maji yawe kwenye bakuli zito lenye kitako kipana, kina cha vidole viwili, si zaidi. Wataalamu wote hushauri vyombo viwili, kimoja cha kuoshea brashi na kimoja cha maji safi. Ni ushauri mzuri na ninauheshimu. Chombo cha pili kitabaki safi mpaka mtoto wa pili atakapokiona. Siku hiyo kunywa chai ya maziwa. Chai ya rangi na maji ya brashi havitofautiani kwa macho, na utakuwa umebakiwa na njia moja tu ya kujua.

Feni zima. Akili itakwambia kwamba feni inakausha. Feni inasambaza.

Kama una mtoto wa miaka saba na wa miaka mitatu, kaa katikati yao, kwa maana ya kukaa kweli, makalio sakafuni. Wa miaka saba anataka picha yake ifanane na kitu. Wa miaka mitatu anataka kumsaidia.

Karatasi

Muuza vifaa vya shule hatakwambia hili kwa sababu hajaulizwa: karatasi ya daftari ina gramu 60 hadi 80 hivi kwa kila mita ya mraba, na wachoraji wa rangi za maji hutumia ya gramu 300. Nyuzi za karatasi zikinywa maji huvimba, na zikivimba bila pa kwenda hujikunja. Daftari litakunjamana kabla ya brashi kurudi mara ya pili, rangi ituame mabondeni, na mtoto akulaumu. Manila ni afadhali. Ni nene, haina bei ya kutisha, na huvumilia mvua ya kwanza. Ibandike ubaoni kwa selotepu ya karatasi pande zote nne, usiibandue mpaka ikauke kabisa. Kwa joto lile la pwani lenye unyevu, kukauka kabisa kunaweza kuwa kesho.

Hata manila ina kikomo. Mtoto wa miaka mitatu akipata mahali panapompendeza hukaa hapo hapo, akizungusha brashi mpaka karatasi inakuwa uji na uji unaachia. Kwake tundu si ajali. Ni nafasi ya kuendelea kwenye mkeka.

Theluji na mshumaa

Kadi ya Krismasi ya kuchapishwa inayotambuliwa kuwa ya kwanza ilitoka London mwaka 1843. Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa na marafiki wengi kuliko muda wa kuwaandikia, alimwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree salamu moja ya kutuma kwa wote. Ikachapwa, ikapakwa rangi kwa mkono, ikauzwa shilingi moja kila nakala. Katikati palikuwa na familia inakunywa mvinyo, na mtoto mdogo naye akinyweshwa. Wapinga pombe wakaja juu. Kwa hiyo kadi ya kwanza kabisa ilibuniwa na mtu aliyetaka kujipunguzia kazi, na ikaleta malalamiko kwa sababu ya mtoto. Desturi hiyo tumeitunza vizuri.

Kwenye kadi ile hapakuwa na chembe ya theluji. Leo mtoto wa Temeke ambaye hajawahi kuhisi baridi ya kumfanya avae soksi mbili huanza na theluji, maana ameiona kwenye katuni na kwenye vioo vya maduka yaliyobandikwa pamba. Unaweza kumpendekezea mkrismasi, ule mti unaowaka maua mekundu kando ya barabara mwezi huo huo. Atakataa. Basi mpe Kilimanjaro: mita 5,895, barafu ya kweli, na nauli yake inajulikana.

Hapo ndipo mtakapokutana na kidonge cheupe. Katika rangi za maji, nyeupe ni karatasi yenyewe. Anayetaka cheupe huacha kupaka. Mwambie mtu wa miaka minne aache kupaka mahali fulani, uone. Kidonge cheupe kimo kisandukuni, ni kweli, na si utapeli mtupu, kwani kampuni ya Winsor & Newton ya London ilianza kuwauzia wachoraji wa rangi za maji nyeupe ya zinki tangu mwaka 1834. Lakini nyeupe juu ya karatasi nyeupe haionekani. Mtoto atapaka, ataangalia, atapaka tena, kisha atakuletea kisanduku na kukuarifu kwamba hiyo moja imeharibika. Muda si mrefu itakuwa zambarau na malalamiko yatakwisha.

Dawa iko kwenye droo ya vitu vya umeme ukikatika. Chukua mshumaa mweupe, mpe mtoto asugue kilele cha mlima kwa nguvu zake zote. Hakuna kinachoonekana, na hilo peke yake linamfurahisha. Halafu apake bluu juu ya karatasi nzima, bila mpaka na bila onyo. Nta hukataa maji: bluu inateleza, inajikusanya pembeni, na kilele kinajitokeza cheupe. Atapiga kelele. Utapiga kelele na wewe. Sijaona njia nyingine ya kumfanya mtoto mdogo aache mahali pakavu isipokuwa hii ya kumruhusu apake kila mahali.

Mshumaa huo huo utachora mwezi mwandamo wa kadi za Idd. Nyumba zenye ndugu wa pande zote mbili, na Dar es Salaam ni nyingi, zisitegemee msimu wa kupumzika, kwa sababu Idd hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka na ipo Desemba ambayo Idd na Krismasi zitakutana mezani kwako. Nunua mishumaa ya akiba, vinginevyo umeme ukikatika utapapasa droo na kukuta vipisi. Tena chunguza kuta. Mtoto akishajua kwamba kuna maandishi yasiyoonekana, atayaandika, na wa kwanza kuyasoma atakuwa fundi rangi utakayemwita miaka miwili baadaye.

Kahawia

Vidonge 12 ni vingi mno. Mtoto akipewa rangi zote atazitumia zote, mahali pamoja, bila upendeleo. Nyekundu na kijani, bluu na machungwa, zambarau na njano: kila jozi kati ya hizo zikikutana huuana, na kinachobaki ni rangi ya Jangwani baada ya mafuriko. Atakuletea kwa fahari. Atatengeneza nyingine. Jamaa zako wote watapokea kadi za rangi hiyo moja na kudhani ni sare.

Funika vidonge kwa selotepu, ubakize viwili. Siku moja njano na bluu, siku nyingine njano na nyekundu. Hapo akichanganya hata kwa kijiko atapata kijani au machungwa. Tope hawezi kulifikia hata akijitahidi. Shule za Waldorf, zilizoanzia Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919 kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara, huwaanzisha wadogo kwa rangi moja tu juu ya karatasi iliyoloweshwa. Wenyewe wana falsafa ndefu kuhusu roho na rangi. Mimi nikiitazama naona watu waliowahi kufua.

Tukiwa hapo kwenye kufua: maji baridi, sabuni, na mara moja, si baada ya kula. Bluu na kijani ni wabishi. Usipige pasi nguo yenye doa ukitumaini litaona haya.

Kuna pia wanaoshauri kunyunyiza chumvi juu ya rangi mbichi ili punje zinyonye maji na kuacha nyota. Ni kweli zinaacha, na chumvi ya mawe hufanya vizuri kuliko laini. Ila chumvi hunyonya unyevu wa hewa vilevile, na hewa ya pwani inao wa kugawa. Walioko Iringa wajaribu. Walioko Tanga watafakari.

Swali la kutouliza

Usiulize hiki ni nini. Mfaransa Georges-Henri Luquet, aliyewafuatilia wanawe wakichora na kutoa kitabu chake mashuhuri kuhusu michoro ya watoto mwaka 1927, aliona kwamba mtoto mdogo huchora kwanza, halafu ndipo anapogundua amechora nini, kwa kuona mfanano uliotokea wenyewe. Na jina alilolitoa halina mkataba. Asubuhi ni bajaji, saa nane ni daktari, jioni ni wewe. Ukimhoji mapema atakupa jibu la kukuridhisha, maana ana adabu. Ukiliandika nyuma ya kadi kwa kalamu ya wino, utakuwa umetia saini uongo.

Watu wake watakuwa vichwa vyenye miguu, tumbo hakuna. Watoto wengi hupita hapo wakiwa na miaka mitatu au minne, katika nchi nyingi. Mjomba mwenye kitambi aichukue kama zawadi.

Wala usimsaidie. Najua mkono utakuwasha. Utaona kichwa kimekosa macho, na macho ni vitone viwili tu, nani atajua? Atajua yeye. Ukishaongeza vitone hivyo ataweka brashi chini na kukuachia kazi yote, na sioni kosa lake: umejionyesha kwamba wewe ndiye fundi.

Uhariri wa usiku

Sasa kadi zenyewe, kwa sababu mpaka hapa hatuna hata moja. A4 ikikatwa nusu na kukunjwa inatoa kadi ya A6, milimita 105 kwa 148, ambayo huingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Kosa la watu wengi ni kumpa mtoto hiyo kadi ndogo iliyokwisha kukunjwa. Mtoto wa umri huo huchora kwa bega. Kadi ya A6 kwake ni chumba ambacho hawezi kunyoosha mkono, na atachora nje yake, yaani mezani.

Mpe nusu ya shiti ya manila, uache kabisa kutaja kadi. Yeye anataka maji: kuona bluu inavyokimbia, bakuli linavyobadilika, tone linavyotua. Wewe unataka kadi. Mahitaji hayo mawili hayagombani mpaka utakapoyaweka kwenye karatasi moja saa moja. Basi mchana ni wake.

Usiku, karatasi zikiwa zimekauka, chukua kipande cha boksi, kata katikati yake dirisha la ukubwa wa uso wa kadi, ulitembeze polepole juu ya manila. Nenda bila haraka, kona hadi kona. Sehemu kubwa itakuwa kama ulivyohofia. Kisha dirisha litasimama mahali ambapo njano iliingia kwenye bluu bila mtu kuiambia, ukingo ukakauka mwembamba, na pale pana Bahari ya Hindi saa kumi na mbili jioni, kitu ambacho mchoraji aliyesomea angekihangaikia wiki nzima na kukiharibu kwa kukitaka sana. Weka alama za penseli. Kata. Bandika kwenye manila safi iliyokunjwa. Karatasi moja ya kutisha hutoa kadi mbili, mara nyingine tatu, na kile kilele cha mshumaa kikitokea kimekaa sawa dirishani, hicho ni cha mtu maalumu.

Kuna watakaosema huo ni udanganyifu. Ni uhariri, magazeti yote yanaishi hivyo. Ila mabaki usiyatupe jalalani, maana mwandishi atayakuta. Kesho yake atatambua kila kipande, atauliza upande mwingine wa bajaji uko wapi, na utatakiwa kuwa nao. Weka yote kwenye bahasha ya khaki, andika jina lake juu. Utaonekana mtu mwenye mpango.

Kutuma

Anwani andika wewe, pamoja na S.L.P., wakati mtoto anabandika stempu. Atabandika zaidi ya moja. Wanaotuma kwa basi kutoka stendi ya Mbezi wafunge kadi katikati ya maboksi mawili, na wasimwambie wakala kwamba ndani kuna sanaa, kwani atauliza thamani yake na mtaanza mazungumzo msiyo na majibu yake.

Baada ya siku chache simu italia. Ni bibi, yuko Marangu. Weka spika, mwache mtoto atoe shikamoo yake mwenyewe. Bibi ataitikia marahaba, ataulizia shule, ataulizia kikohozi, kisha atasema ameupenda mno ule mlima, umetoka mzuri, na barafu yake juu.

“Siyo mlima, bibi,” mtoto atasema. “Ni wewe. Hizo nyeupe ni mvi.”

Usimsahihishe, wala usikimbilie kumwomba bibi radhi. Mlima anao nyuma ya nyumba. Hakuwa na haja ya kuletewa mwingine kwa basi.